Jumba Lililoachwa na Ndege

Jailos Mwashitete alikuwa na jicho la uzito. Wapo watu wenye jicho la ng'ombe, ambao wakimtazama ndama mara moja wanakuambia atakuwa wa maziwa au wa nyama. Jailos yeye, ukipishana naye njiani, kabla hujamaliza kumwamkia alikwishajua una ratili ngapi pamoja na viatu vyako. Hakuzaliwa na kipaji hicho. Alikipata kazini, katika kiwanja cha ndege cha Mbeya, ambako kwa miaka minane alisimama nyuma ya mizani kubwa ya chuma akipima kila kilichotaka kwenda angani: masanduku, mifuko ya barua, mbwa wa mabwana, na mabwana wenyewe.

Siku hizo abiria alipimwa kama mzigo. Mbeya iko juu, milima imeizunguka, na hewa yake nyepesi haibebi sana. Ndege ikizidishiwa mzigo ilikimbia hadi mwisho wa kiwanja, ikawatazama ng'ombe wa watu usoni, ndipo ikaamua kuruka. Kwa hiyo rubani hakuwasha injini mpaka apate karatasi ya Jailos.

Mwanzoni alikuwa akitangaza uzito kwa sauti, kama alivyofundishwa. Kisha mama mmoja, mke wa mlowezi wa kahawa wa Mbozi, aliposikia ratili zake zikitajwa mbele ya wanaume, aligeuka akarudi garini na safari ikaishia hapo. Tangu siku ile Jailos aliandika kwa chaki kwenye kiganja, akamwonyesha rubani, halafu akapangusa kwenye suruali. Wake wa mabwana walimpenda kwa hilo, na mguu wa kulia wa suruali yake ukawa mweupe siku zote. Mara nyingine alikuja mtu kutoka machimbo ya dhahabu ya Makongolosi na kifuko cha ngozi kisichozidi boga dogo. Jailos akakidaka kwa vidole viwili kama anayepokea kofia, kikamvuta mpaka goti likagusa sakafu. Yule mtu akacheka, akasema, "Hicho ndicho kilichokula miaka yangu mitatu." Jailos alijifunza kwamba jicho nalo hudanganywa, na kwamba mizani ndiyo yenye neno la mwisho.

Jumba la abiria halikuwa kubwa, lakini kwa watu wa pale lilikuwa jambo la kutazamwa. Kuta zake zilikuwa za mawe, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na mbele lilikuwa na baraza pana lililoezekwa kwa mabati. Ndani kulikuwa na kaunta ya mbao za mninga, viti kumi na viwili, saa ya ukutani, na jiko la chuma lenye bomba lililotokeza juu ya paa, maana asubuhi za Mbeya mwezi wa sita si za mchezo. Jailos alilipenda jumba hilo kupita kiasi. Wageni walipoondoka alikuwa akivipanga viti upya kwa kamba, vikae sawasawa. Mke wake Ikupa, aliyemletea chakula kila mchana kwa miaka yote minane, hakuwahi kuketi kwenye kiti hata kimoja.

"Ni vya abiria, Mama Mika," alikuwa akimwambia.

"Na mimi ni mpita njia," Ikupa alikuwa akijibu, na kuketi kwenye ngazi.

Mwaka 1954 Kampuni ya ndege ilileta ndege kubwa zaidi. Meneja akamwita Jailos, akamweleza kwa upole kwamba ndege hizo haziwezi kutua Mbeya na kuruka tena zikiwa zimejaa. Kiwanja ni kifupi na milima iko karibu mno. Kuanzia mwezi wa saba safari zote zingehamia Iringa, kwenye kiwanja cha Nduli. Wafanyakazi wanaotaka kwenda, waende.

"Na jumba hili, bwana?" Jailos aliuliza.

"Litaandikiwa," meneja akasema.

Jailos alilitafakari neno hilo siku kadhaa bila kulipata maana. Ila alijua kwamba kazi ni kazi, na watoto walikuwa shuleni. Akakubali Iringa. Siku ya kuondoka alimkabidhi Ikupa ufunguo wa jumba, ambao meneja alimwachia mpaka hayo maandishi yatakapokuja.

"Ufagie kila Jumamosi," alimwagiza. "Ufukuze mbuzi. Asiingie mtu."

"Na mimi nisiingie?"

"Wewe ingia na ufagio."

* * *

Nduli ni mahali pa upepo. Unavuma tangu alfajiri, na mtu mgeni huona kama vile anasukumwa arudi alikotoka. Jailos alifika pale na suruali yake ya chaki, akakuta kuna mizani mpya yenye uso kama wa saa, na nyuma yake kijana wa Kihehe aliyeitwa Danieli, aliyesoma mpaka darasa la kumi na kuvaa tai.

"Hii inasoma yenyewe, mzee," Danieli alimweleza kwa heshima. "Mshale unakwenda, namba inaonekana. Mtu hahangaiki na mawe ya kupimia."

Jailos alipewa mkokoteni wa kusukuma mizigo. Hakununa. Ila abiria alipopanda kwenye mizani alinong'ona namba kwa upande wa mdomo, na mshale ulipotulia Danieli alitazama, akamtazama Jailos, akatikisa kichwa kwa mshangao. Baada ya mwezi mmoja walikuwa marafiki. Lakini kusukuma mkokoteni hakuhitaji jicho, na mtu mwenye jicho asipolitumia huhisi kama amevaa nguo ya mwenzake.

Alipanga chumba kwa mjane mmoja Mkatoliki, Verediana, aliyelima mahindi na kufuga kuku karibu na kiwanja. Verediana alimkuta siku moja asubuhi amemwinua jogoo wake kwa mkono mmoja, amefumba macho.

"Kamwene, mpangaji wangu," alimwamkia kwa Kihehe. "Huyo jogoo kakukosea nini?"

"Ratili tano na kidogo," Jailos akajibu. "Samahani, mama. Mikono imezoea."

Verediana alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Kuanzia siku hiyo hakupeleka kuku gulioni kabla Jailos hajampima kwa mkono, na wanunuzi walimlalamikia kwamba ameanza kuwa mjuzi kupita kiasi. Jioni alimpa ugali na mboga ya maboga, akamwuliza habari za kwao. Jailos alizungumza juu ya jumba, jiko lake la chuma, na sakafu yake. Verediana alisikiliza mara tatu, nne, kisha akasema, "Baba, nimekwishaijua hiyo sakafu kama nimeifagia mwenyewe. Mke wako anaitwa nani?"

Jailos aliona haya. Tangu hapo akazungumza zaidi juu ya Ikupa.

Barua za Ikupa ziliandikwa na Mwalimu Saulo wa shule ya misheni, na zote zilifanana. Hatujambo. Watoto hawajambo. Mbuzi hawajaingia. Jumba ni safi. Jailos alizisoma na kuzikunja, moyo ukiwa umetulia. Hakujua kwamba kila neno lilikuwa la kweli, na kwamba yaliyoachwa yalikuwa mengi kuliko yaliyoandikwa.

* * *

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata maandishi yakaja. Kampuni ilikuwa inapanua jengo la Nduli na ilitaka vitu vyake vilivyobaki Mbeya. Lori likatayarishwa. Msimamizi alikuwa Liberatus, mtu wa Iringa, mwembamba, mpole, aliyetembea na barua ya kazi ndani ya kofia yake isije ikalowa. Jailos akaambiwa aende naye, kwa kuwa alilijua jumba lile kuliko mtu yeyote.

Alipanda lori na nyundo, tindo na spana miguuni pake. Kwenda nyumbani ni furaha. Kwenda nyumbani kubomoa ni jambo lingine, na hayo mawili yalikuwa yakisukumana kifuani mwake tangu Iringa. Walilala Chimala, wakala wali na samaki wa mtoni, na Liberatus alipomwuliza kama mkewe anajua kwamba anakuja, Jailos alisema hapana, barua isingewahi.

"Basi utamshtua," Liberatus akasema.

Asubuhi ya Jumatano, mvua ya rasharasha ikinyesha, lori likapanda kuingia Mbeya. Walipokaribia kiwanja Jailos alisimama nyuma ya lori, akashika ubao. Bomba la paa lilikuwa linatoa moshi.

"Kuna watu ndani," alisema, na sauti yake ikabadilika. "Kuna watu ndani ya jumba la Kampuni."

Hakungoja lori lisimame. Alishuka, akakimbia kwenye baraza, akasukuma mlango, akabaki pale pale kizingitini.

Jumba lilikuwa limejaa. Wanawake zaidi ya arobaini, wengine kwenye vile viti kumi na viwili, wengine kwenye mikeka, kila mmoja na mtoto mgongoni au titini. Mikungu ya ndizi na vikapu vya viazi vilikuwa vimepangwa juu ya kaunta ya mninga. Birika kubwa lilichemka juu ya jiko. Kwenye mizani, mizani yake, alisimama mama kijana amembeba mtoto, na nyuma ya mizani, mahali pale pale aliposimama yeye miaka minane, alikuwa Ikupa, ameinamia mkono wa mizani akisogeza jiwe.

Ikupa akainua uso. Akamtazama mumewe aliyelowa, nyundo mkononi.

"Umefika, Baba Mika," alisema. "Futa miguu."

Na Jailos akafuta miguu.

Halafu ndipo akakumbuka kwamba amekasirika. Akamvuta mkewe pembeni, karibu na jiko. "Nilikuachia ufunguo ufunge, Mama Mika. Sikukuachia ufungue."

"Ufunguo ni mmoja, baba. Huo huo unaofunga ndio unaofungua."

"Nilisema asiingie mtu."

"Ulisema." Ikupa hakupandisha sauti. "Mwezi wa kumi na mbili mvua ya mawe iliwakuta wanawake wanatoka soko la Mbalizi. Walikuwa wamejibanza ukutani na watoto mgongoni, na mimi nimesimama ndani na ufagio. Je, ungekuwa wewe?"

Jailos alijua kabisa angefanya nini, akageuka kulitazama birika.

"Wakaingia. Mmoja wao alikuwa Damari, huyu." Akamwonyesha mwanamke aliyevaa sare nyeupe, ameketi mezani na daftari. Damari alikuwa nesi wa misheni. Kila wiki alikuwa anakuja kutazama watoto wa vijiji vya chini ya mlima, na kazi hiyo alikuwa anaifanyia chini ya upenu wa duka, na mvua ikinyesha alirudi alikotoka. "Mizani yake ya kuning'iniza ilikuwa imekatika ndoano. Akaiona hii. Akaniuliza inafanyaje kazi. Nimekutazama miaka minane toka ngazini, Baba Mika. Nikamwonyesha."

"Mbona hukuniandikia?"

"Ungesema nifunge."

Liberatus naye alikuwa ameingia, kofia mkononi. Alikuwa amewatazama wale wanawake, akawaamkia kwa adabu, kisha akatoa barua yake na kusoma kwa sauti ya kusikika. Barua ilisema vitu vyote vyenye namba ya Kampuni vitolewe, pamoja na mabati ya baraza lililoongezwa na Kampuni. Jumba lenyewe lilikuwa la Serikali, lisiguswe.

"Kwa hiyo, mama zangu," akamalizia, "tunaomba mtupishe."

Hakuna aliyesogea. Haikuwa ukaidi. Walimtazama tu kama watu wanaongoja zamu yao wanavyomtazama anayetaka kuiruka.

"Wamebaki kumi na wanne hawajapimwa," Damari alisema bila kuinua kalamu. "Wengine wametoka nyumbani usiku. Ukitungoja, tutamaliza."

Liberatus aliangalia nje. Rasharasha ilikuwa imegeuka mvua, na mabati hayang'olewi kwenye mvua. "Tutangoja," akasema, na Ikupa akampa kikombe cha chai kabla hajabadili mawazo.

* * *

Sasa kupima mtoto mchanga kwenye mizani ya masanduku kuna utaratibu wake. Mama hupanda amembeba mtoto, uzito unaandikwa. Kisha mama anashuka, mtoto anashikwa na mtu mwingine, mama anapanda peke yake, nao unaandikwa. Damari alitoa huu katika ule, na kilichobaki ndicho mtoto. Siku ile mshikaji wa watoto, bibi mmoja wa jirani, alikuwa hakuja kwa sababu ya mvua. Liberatus alikuwa amesimama karibu na kikombe chake. Mama wa kwanza hakuuliza; alimkabidhi mtoto tu, akapanda.

"Mimi ni msimamizi wa kazi," Liberatus alisema taratibu.

"Shika kichwa," Damari akamwambia.

Akashika kichwa. Baada ya watoto watatu alikuwa ameweka kofia yake juu ya saa ya ukutani na kuanza kuwaimbia kwa Kihehe.

Jailos alisimama kando ameikunja mikono. Alivumilia kiasi. Kisha akaona matope kwenye bamba la mizani, na mkono wa mizani haukuwa umetulia katikati kabla mama hajapanda, na hilo lilimshinda.

"Mama Mika, hapo unawaongezea nusu ratili ya udongo," alisema. "Lazima uifute kila mtu anaposhuka. Na uiache itulie kwanza."

"Basi njoo uifute," Ikupa akasema, akasogea.

Jailos akasogea nyuma ya mizani. Vidole vyenyewe vilijua pa kwenda. Alifuta bamba, akalegeza skrubu ndogo ya ubavuni ambayo Ikupa hakuijua, akangoja mkono utulie, akaita, "Haya, mama." Na kwa kuwa mazoea ni mazoea, uzito wa yule mama hakuutangaza. Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaandika kiganjani, akamwonyesha Damari, akapangusa kwenye suruali. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Huyu ana adabu," na chumba kizima kikacheka.

Walikwenda vizuri mpaka akaja mama mmoja aliyeitwa Lea na mtoto wake wa kiume, Andendekisye. Jailos aliwapima wote wawili, akampima mama peke yake, Damari akatoa. Akarudi nyuma ukurasa katika daftari lake.

"Pima tena, baba," alisema.

Jailos akapima tena. Akafuta bamba, akaangalia mkono kutulia, akapima mara ya tatu. Namba ilikuwa ile ile. Mtoto alikuwa amepungua ratili nzima tangu wiki tatu zilizopita. Liberatus, aliyekuwa amemshika, aliacha kuimba.

Damari akamchukua Lea pembeni, wakazungumza muda mrefu kwa sauti ya chini. Akampa dawa ya kwenye chupa, akamwambia alete mtoto kila Jumatano bila kukosa, na akamwandikia barua ya kwenda nayo misheni kesho yake. Jailos aliwatazama. Miaka yote alikuwa amepima ili vitu visizidi. Hapa, kwa mara ya kwanza, alijikuta anaomba Mungu kitu kiongezeke.

"Ungekuwa hujapima," alimwambia Ikupa wakati wa kufuta bamba, "nani angejua?"

"Jicho lako lingejua."

"Hapana," Jailos akasema. "Nilipomwona nilidhani ni mzima. Lile blanketi alilofungwa lilinidanganya."

* * *

Saa saba mvua ikaacha, watoto wakaisha, na kazi ya Kampuni ikaanza. Wanawake hawakuondoka. Walisaidia kubeba. Viti kumi na viwili vilikuwa na namba chini ya makalio, vikatoka. Saa ilikuwa na namba mgongoni, ikatoka. Kaunta ya mninga ilikuwa na namba, ikatoka kwa mabega ya watu sita, ndizi zikahamia sakafuni. Jiko halikuwa na namba. Lilinunuliwa na Serikali pamoja na jumba. Liberatus alikagua kila upande, akaandika. Kisha akafika kwenye mizani.

Akaizunguka. Akainama, akachungulia. Miguu yake ilikuwa imezamishwa ndani ya saruji tangu siku ya kwanza. Akapiga bamba kwa kidole.

"Jailos," alisema. "Hii ina namba?"

Damari alikuwa anafunga mkoba wake, akaacha. Ikupa alikuwa anamimina maji kwenye birika, akaendelea kumimina, ila alikuwa anamtazama mumewe.

Jailos alijua. Alikuwepo mizani ilipofungwa. Alikuwa ameshika taa. Uongo ulikuwa mdogo, ungetoshea katika neno moja, na hakuna mtu pale ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa ameishi na mizani muda mrefu mno.

"Ina namba," alisema. "Iko chini ya bamba la kitako. Saruji imeifunika."

Liberatus akakuna kidevu. "Ili kuiona?"

"Lazima kuvunja sakafu."

"Sakafu ni ya nani?"

"Ya Serikali. Pamoja na jumba."

Liberatus alitoa barua katika kofia, akaisoma tangu juu mpaka sahihi, pole pole, midomo ikitembea. Kisha akaikunja. "Barua yangu inasema nitoe vitu vyenye namba. Haisemi nivunje sakafu ya Serikali kuitafuta namba." Akachukua kalamu, akaandika huku akitamka: "Mizani. Moja. Namba haikuonekana." Akaweka nukta kubwa. "Je, nimeandika uongo?"

"Hujaandika uongo," Jailos akasema.

"Basi tupande kwenye mabati."

Mabati ya baraza yaling'olewa yote, na hapo hapakuwa na la kufanya. Baraza likabaki mbavu tupu, mvua ya jioni ikaingia mpaka mlangoni. Jailos mwenyewe ndiye aliyefungua misumari mingi, akiipinda taratibu isiharibu mbao. Alipomaliza, Ikupa alisimama chini ya ile mifupa akaitazama anga.

"Tutaezeka kwa nyasi," alisema. "Nyasi hazina namba."

Jailos alirudi Iringa na lori, maana mtu haachi mzigo aliokabidhiwa katikati ya njia. Lakini kabla ya kupanda alimwambia mkewe kwamba akishakabidhi, anarudi, kazi au hakuna kazi.

"Nilikuwa nangoja useme," Ikupa akajibu. "Hata mbuzi wamekukumbuka."

Huko Nduli meneja alisoma orodha, akafika kwenye mizani, akauliza kidogo, akasema ya kwao mpya inatosha. Danieli alisikitika kwelikweli. Alisema sasa atakaa na mshale peke yake. Verediana alimfungia Jailos kuku wawili safarini.

"Mpelekee huyo Ikupa," alisema. "Na mwambie uzito wake mwenyewe asikubali uupime."

* * *

Nyasi za baraza zilikatwa mwezi wa sita, zilipokauka vizuri, na wanawake wa Jumatano ndio waliozibeba. Viti vilivyochukuliwa vilifuatiwa na magogo yaliyochongwa upande mmoja, nayo yalikuwa bora, kwani hakuna aliyeogopa kuyakalia. Andendekisye alipata ratili yake na nyingine juu yake, na kabla ya Krismasi alikuwa anatembea akiangusha vikapu vya watu. Serikali ililiandikia jumba hatimaye, kama meneja alivyosema: barua fupi ikiruhusu litumike kwa shughuli za wenyeji mpaka hapo litakapohitajika. Halikuhitajika.

Kisha kilimo cha pareto, maua ya dawa ya wadudu, kikashika kasi kwenye vilima vile. Chama cha wakulima kilitafuta mahali pa kupokelea maua yaliyokaushwa, mahali pakavu, penye mizani na mtu anayeijua. Hawakutafuta mbali. Jailos akaajiriwa kwa siku za Jumanne na Ijumaa, na siku hizo jumba zima lilinukia maua makavu mpaka nesi Damari akawa anadai anapiga chafya hadi Jumatano.

Mwaka 1958, Ijumaa moja ya baridi, foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka kwenye kiwanja chenyewe, ambako majani yalikuwa yamekua na ndama wawili walikuwa wanalala mahali magurudumu yalipokuwa yanagusa chini. Eliezeri, mkulima mmoja wa mlimani mwenye maneno mengi, alifika na gunia lake, akaliweka kwenye bamba kwa madaha.

Jailos hakuangalia mizani. Aliliinua gunia kidogo, akalirudisha, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko na kuutoa. Vidole vilikuwa vimelowa.

"Mvua ilinyesha kwako jana, Eliezeri?"

"Ilinyesha kidogo."

"Ndani ya gunia tu?"

Foleni ikaanza kucheka kutoka mbele kwenda nyuma, hata wale wa nje waliokuwa hawajasikia. Eliezeri alijitetea kwamba paa lake linavuja, kisha kwamba mke wake ndiye aliyefunga gunia, kisha akaishiwa.

"Kayaanike pale kwenye mkeka karibu na jiko," Jailos alimwambia. "Yakikauka nitakupima wa mwisho, na hatutasema tena. Nani anafuata?"

"Baba Mika," Ikupa aliita kutoka kando ya jiko, "chai inapoa."

"Naja."

"Ulisema hivyo kitambo."

"Niwekee kifuniko," Jailos akasema, akafuta bamba, akangoja mkono wa mizani utulie.